Ukuta wa Marehemu

Salma tulimzika Kisauni baada ya swala ya adhuhuri. Siku ya hitima, watu walipokwisha kula na masufuria kurudishwa kwa wenyewe, binti yake Rukia alinishika mkono akaniingiza sebuleni. Alikuwa ametandaza fremu juu ya zulia, kubwa kwa ndogo, na ukutani alikuwa amebandika vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa kila fremu. Alijifunza hayo kwenye simu. Karatasi kwanza, misumari baadaye, akaniambia, ili ukikosea usiutoboe ukuta bure. "Sasa, mama mdogo, wewe ndiwe uliyemjua. Mama nimuweke katikati au nimuweke juu?" Nikamuuliza wale wengine ni kina nani. Alikuwamo yeye na mumewe, wanawe siku ya kufunga shule, nduguye aliyeko Nairobi, baba yake marehemu Mwalimu Bakari, na mimi pia, nimekaa kitini katika harusi nisiyoikumbuka. Wazima na waliotangulia walikuwa wamechanganywa kama kunde na choroko zilizomwagika. Kila nyumba ina adabu yake, na mtu aliyefiwa na mamake hasahihishwi. Nilimwambia tu amuweke mahali ambapo jua la asubuhi halimfikii, maana jua hula picha. Kisha nikaomba maji nikakaa, kwa sababu miguu yangu siku hizi hainisubiri, na kwa sababu vile vipande vya karatasi vilikuwa vimenirudisha Mtongwe, katika mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nyumbani kwa mama wa mume wangu.

Sisi wa pwani mama wa mume twamwita mavyaa. Mavyaa yangu alikuwa Bi Mwanasha, mwanamke mrefu, mkimya, aliyetembea nyumbani bila kusikika, hata ukageuka jikoni ukamkuta yuko nyuma yako anaonja mchuzi wako. Alikuwa na wana wawili. Mdogo alikuwa Abdalla, mume wangu, aliyefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Mkubwa alikuwa Swaleh, baharia wa meli za shehena, na Salma alikuwa mke wa Swaleh. Nilipoingia nyumba ile nikiwa bi arusi, Swaleh hakuwako. Meli yake ilikuwa imezama bahari ya mbali miaka kadhaa kabla. Baadhi ya mabaharia waliokolewa, baadhi waliopolewa wakazikwa ugenini, na jina la Swaleh halikuwa kwa hawa wala kwa wale. Hiyo ndiyo habari yote iliyofika, na haikuja nyingine baada yake. Salma alibaki kwa mavyaa, akifua, akipika, akifunga Jumatatu na Alhamisi, mke wa mtu ambaye hakuna aliyejua kama yupo.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa ndefu, sakafu ya simenti nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikateleza, na kuta za chokaa. Picha za watu zilikaa mahali pamoja tu, ukuta wa kusini, ili anayeswali akielekea kibla awe amezipa mgongo. Imamu wa mtaa hakuzipenda hata hapo. Nilimsikia siku moja akimnasihi mavyaa barazani, naye akamjibu kwa upole, "Sheikh, wallahi siziabudu. Zanikumbusha kusoma Fatiha." Na ilikuwa kweli. Kila siku baada ya alasiri alisimama mbele ya ukuta ule, akaanza fremu ya kwanza hadi ya mwisho, akitaja jina na kusema, "Allah amrehemu," jina na, "Allah amrehemu," kisha akawasomea wote Fatiha moja. Maana ukuta ule ulikuwa wa marehemu peke yao. Aliye hai hakutundikwa. Picha yangu ya harusi ilikaa ndani ya albamu kabatini, na nilipomuuliza kwa nini, nikiwa bado na utoto wa kuuliza kila kitu, alinijibu, "Wewe nakuombea umri, na afya, na uzazi. Hawa nawaombea rehema. Kila mtu na dua yake, mwanangu, na mimi mtu mzima, nisije nikazichanganya." Picha ya Swaleh haikuwa kwenye albamu wala ukutani. Ilikuwa chumbani kwake, juu ya kigoda kando ya kitanda, katika fremu ya bati. Dua aliyomwombea hatukuisikia, aliisoma mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka ule baba mkwe alifariki, na mavyaa akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, hapaki wanja, hajitii manukato. Mimi ndiye niliyemsomea Yasini kila Ijumaa, kwa kuwa nilikuwa nimehitimu madrasa na sauti yangu ilikuwa bado nzuri. Ndani ya eda ile mvua zilinyesha vibaya. Ukuta wa kusini ukavuta maji, chokaa ikavimba na kubambuka, na mchwa wakapanda nyuma ya fremu. Eda ilipokwisha, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuteremsha picha zote. Abdalla alikwangua ukuta akaupaka chokaa mpya, na sisi wanawake watatu tukakaa mkekani kupanga upya, kwa sababu sasa kulikuwa na mmoja wa kuongezwa.

Nilipomwona Rukia na karatasi zake, nusura nicheke kwa huzuni. Bi Mwanasha alifanya vivyo hivyo kwa magazeti na mkasi wa kushonea. Kila fremu aliilaza juu ya gazeti, akaizungushia penseli, akakata, kisha akavipanga vile vipande juu ya mkeka kama anayepanga wageni wa karamu. Baba mkwe aliwekwa katikati. Hapo hapakuwa na maneno. Kazi ilikuwa kwa waliomzunguka. "Huyu shangazi yake msimuweke hapa," akasema mavyaa, akakisukuma kipande cha gazeti kwa kidole. "Hawakuwa wakisemezana."

Salma akamtazama. "Mama, si wamekufa wote? Watagombana tena?"

"Wewe hukumjua yule bibi."

"Basi tumuweke babu katikati yao awaamue."

"Babu mwenyewe ndiye aliyewagombanisha," akasema mavyaa, na tukacheka sote watatu, yeye akiziba mdomo kwa ncha ya leso. Ninakitaja kicheko kile kwa kuwa sikumbuki kingine katika nyumba ile mwaka ule. Salma alikuwa mcheshi kwa tabia. Ndiye aliyenifundisha kupika mahamri, na yangu yalipokataa kuumuka alisema yamelala kama wagonjwa wa wadi. Lakini ucheshi wake ulikuwa umeanza kuchacha. Alikuwa hajafika miaka thelathini na hakuwa na mtoto. Siku moja tukianika nguo uani alishika fulana ya mtoto wa jirani, iliyopeperushwa na upepo ikaangukia kwetu, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Zainabu," akaniambia bila kunitazama, "mimi nataka kuzaa. Sisemi nataka mume. Nataka kuzaa, na siwezi kuzaa mpaka mtu aniambie mimi ni nani. Kama ni mjane, nijue. Kama ni mke, nijue."

Alikuwa ameshauliza. Baba yake alimfikia kadhi, na kadhi alisema shauri kama lile lina njia yake, lakini atataka kuwasikia watu wa mume, kwanza mama, kama wana habari yoyote ya mtu wao. Salma alileta jawabu hilo nyumbani akalitua mbele ya mavyaa, na mavyaa akanyamaza. Alinyamaza wiki ile na wiki zilizofuata. Usiku mmoja nikiosha vyombo uani niliwasikia yeye na mume wangu wakila sebuleni. Abdalla alisema, "Mama, mimi naweza kwenda. Mimi ni nduguye."

"Nenda."

"Lakini bila wewe sitakwenda."

"Basi usiende." Kisha nikasikia sahani inasogezwa. "Kula samaki, mwanangu. Huo mgongo ndio mtamu."

Abdalla alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hakuwa mtu wa kumpinga mamake, na mimi sikuwahi kumlaumu. Sasa nina wakwe wa kwangu, na najua jinsi mwanamke anavyoweza kulifunga jambo kwa kipande cha samaki.

Fremu zilipelekwa Likoni kwa Fundi Juma, mzee wa Kidigo aliyekuwa na kibanda njia ya feri, na ambaye fremu zote za ukuta ule zilikuwa kazi ya mkono wake. Alikuwa na desturi yake. Chini ya kila picha, ndani ya kioo, aliweka ukanda mwembamba wa karatasi nyeupe na kuandika kwa kalamu ya mwanzi, kwa herufi za Kiarabu, Al-marhum fulani bin fulani, au Al-marhuma fulani binti fulani. Hakuulizwa wala hakuambiwa. Picha ikitoka kwa Bi Mwanasha, basi mwenyewe amekwisha kwenda. Safari ile Abdalla alimpelekea fuko lenye picha ya baba mkwe, fremu za zamani zilizoliwa na mchwa, na ile picha ya Swaleh, kwa kuwa bati lake lilikuwa limeshika kutu katika mvua zile na mavyaa alitaka ipate fremu ya mbao irudi pale pale chumbani kwake. Hakuna aliyemweleza fundi jambo lolote, maana hakuna aliyedhani kuna la kuelezwa. Sisi wa nyumba ile tulijua picha ya Swaleh ni ya kigodani. Ilikuwa habari ya ndani mno, hata hatukukumbuka kwamba mtu wa nje hakuwa nayo.

Alizileta mwenyewe, asubuhi, zimefungwa magazeti, zimepangwa juu ya baiskeli kama mikate. Mavyaa alimkaribisha barazani, nami nikapiga magoti sebuleni kufungua moja moja na kuzilaza mkekani. Baba mkwe alitoka vizuri, kofia yake ya kazi imekaa sawa. Kisha wale wazee, kila mmoja na ukanda mpya. Fremu ya mwisho nilipoibandua gazeti nikaona uso wa Swaleh, kijana anayetaka kucheka na mpiga picha amemkataza. Chini yake, kwa mkono mzuri usiotetemeka, paliandikwa Al-marhum Swaleh bin Said. Nikairudisha ndani ya gazeti. Sikufikiri, mikono ilifanya yenyewe. Mavyaa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Na hiyo nipe."

"Abee, mama."

"Hiyo. Nipe."

Nikampa. Aliisoma. Nilitazama miguu yake kwa kuwa sikuweza kutazama uso, na miguu ile haikusogea. Salma alikuwa ametokea mlango wa uani, unga hadi viwikoni, akaona fremu, akaona vile nilivyokuwa, naye akasogea mpaka akasoma pale begani kwa mavyaa. Alirudi jikoni, na nikasikia anaendelea kukanda, akakanda unga ule mpaka siku ile tukala chapati ngumu kama ngozi na hakuna aliyezisema. Fundi Juma, barazani, aliuhisi ukimya ukimfikia. Akavua kofia.

"Bi Mwanasha, kuna nilichokosea?"

"Ulijuaje kuwa ni marhumu?" akamuuliza. Hakuinua sauti.

Mzee yule akaelewa. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono. "Nisamehe, bibi. Wallahi nisamehe. Habari za meli sote tulizisikia. Nilipoiona picha ndani ya fuko nikasema alhamdulillahi, moyo wa mama umepata kutua. Swaleh namjua tangu yuko hivi. Nimeandika huku namsomea Fatiha." Akainuka. "Ukanda nautoa sasa hivi. Koleo ninayo."

"Umemsomea Fatiha?"

"Nimemsomea."

Mavyaa akaitazama tena picha. "Basi uache. Ukifungua utavunja kioo. Kaa unywe kahawa, Fundi." Akaiingiza fremu chumbani kwake, na mimi nikamtilia mzee kahawa ambayo hakuweza kuimaliza.

Wengine walitundikwa siku ya pili yake. Abdalla alipigilia misumari katika alama za magazeti, mavyaa akisema juu kidogo, kushoto kidogo, hapo. Ukuta ulipendeza. Katika ile chokaa mpya nyuso zile zilikuwa kama zimeoshwa. Swaleh alibaki kigodani, lakini tangu siku ile fremu yake ililazwa kifudifudi, na nilipoingia kufagia sikuthubutu kuigusa. Alasiri mavyaa aliendelea na desturi yake, jina na, "Allah amrehemu," jina na, "Allah amrehemu," na Salma akawa anatoka sebuleni wakati huo, akienda kukaa uani kwenye ngazi ya kisima. Nyumba ilikuwa ya watu wanne na ilikuwa kimya kuliko makaburi ya jirani. Nilikuwa nimefundishwa kwamba subira ni nusu ya imani, na nilikuwa nimeihifadhi kama ninavyohifadhi sura. Pale Mtongwe niliona wanawake wawili wacha Mungu, kila mmoja anasubiri kwa haki yake, na subira ya mmoja inamla mwenziwe. Sikuwa na aya ya kunieleza hilo. Nilichoweza ni kuwapikia uji wa pilipili manga na kumwomba Mola asiniache nikapendelea.

Neno lilitoka kwa Salma mwenyewe, siku ya kawaida kabisa. Mimi nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, mavyaa anachagua mchele katika uteo, Salma anamenya muhogo. Akaweka kisu chini. "Mama, mimi sikuombi useme amekufa."

Mavyaa hakuinua kichwa. "Na mimi siwezi kulisema. Ushahidi ni mzito, Salma. Nitasimama mbele ya kadhi niseme jambo ambalo sikuliona? Siku ya kiama nitaulizwa."

"Nakuomba useme hujui aliko. Basi. Hilo si walijua?"

"Nikisema hivyo watamuua kwa kalamu."

"Na mimi je, mama? Mimi nauawa na nini?" Hakupaza sauti, aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Nimekaa nawe kama mwanao. Maji aliyokoshewa baba maiti yake niliyateka mimi. Nikizeeka hapa nitakuzika, na nitakuzika kwa mapenzi. Lakini niambie kama ndivyo utakavyo, nipate kuacha kuomba."

Mavyaa akapepeta mchele, akatoa kokoto moja, akaiweka kando. Kisha akaniita mimi. "Zainabu. Wewe umesoma. Nena."

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na moja na nazi mikononi. Walionitangulia kwa umri wote wawili walikuwa wakinitazama, na nilijua nikisema hili nampoteza huyu, nikisema lile nampoteza yule. Nikasema lile nililolijua tu. "Mama, kusema hujui si uongo. Na Mungu hakumuumba Salma awe amefungiwa mlango usio na mwenyewe." Kisha nikalia, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Mavyaa akamaliza uteo wake mpaka mchele wa mwisho, akauosha, akautia jikoni. Tulipokwisha kula ndipo alipomwambia Abdalla aombe ruhusa kazini.

Tulikwenda sote wanne, tukavuka kwa feri hadi kisiwani, mavyaa na Salma wamekaa benchi moja na mabuibui yao yanagusana. Kadhi alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyesema taratibu kama anayeogopa kuvunja kitu. Alimwuliza Abdalla yake, akamwuliza na baba yake Salma, aliyekuwa akitungoja pale, yake. Kisha akamgeukia mavyaa. Je, ana habari yoyote ya mwanawe tangu meli kuzama? Hana. Hakuna barua, salamu, mtu aliyemwona? Hakuna. Je, anajua aliko? Mavyaa akashika ukingo wa meza. "Sijui aliko," akasema, na maneno yale mawili yalimtoka kama mtu anayetoa mwiba wake mwenyewe. Kadhi aliandika. Kisha, nadhani kwa huruma, akamwuliza, "Na wewe, mama, waamini kuwa amekufa?"

"Sheikh," akamjibu, "uniulize ninalolijua. Ninaloliamini nina wa kumwambia."

Kadhi aliinamisha kichwa na hakumwuliza tena. Hukumu ilipotoka baadaye ilisema Swaleh ahesabiwe maiti na mkewe akae eda tangu siku ile. Salma alisoma karatasi akaikunja, akaja akaanguka magotini mwa mavyaa. Mavyaa akamshika kichwa. Sikumwona akilia. Alikuwa akimpangusa Salma unga wa asubuhi uliosalia kwenye nywele.

Basi Salma akakaa eda katika chumba kile kile alicholalia akiwa mke. Mavyaa, ambaye yake ilikuwa haijapoa, ndiye aliyemtunza. Alimpikia mwenyewe, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, akamwingizia chumbani na kukaa naye mpaka amalize. Majirani walikuja kumpa mkono wakatazama huku na huku. Mmoja wao, mwanamke asiyejua kuweka neno, alikaa sebuleni akautazama ukuta wa kusini fremu moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kwa kunong'ona kunakosikika mpaka barazani, "Eda bila matanga, Zainabu? Na picha mbona haipo? Huyu bibi anamkalisha mwenziwe eda ya nani?" Mavyaa alikuwa akipita na bilauri za sharubati. Akamwekea yake mezani. "Eda ni ya Salma," akamwambia. "Matanga yangekuwa yangu. Kunywa, dadangu, kuna joto."

Nilimuuliza jambo hilo siku moja, wakati tumebaki wawili. Nilimuuliza kwa adabu, kama hataona nafuu akimsalia Swaleh swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo, na kumweka pamoja na babake. Alikuwa akikunja nguo za Salma. "Mume wangu alipokufa nilihesabiwa siku zangu," akanijibu. "Zikaisha, nikakoga, nikatoka. Salma atahesabiwa zake, na zitaisha. Mke ana eda, mwanangu. Mama hana. Nani atakuja kunitoa mimi?" Katika umri wangu huu nimezika mume, nimezika mtoto mmoja, na nimesoma tafsiri za wanazuoni wengi. Namshukuru Mungu kwa yote, kwa aliyotoa na aliyochukua. Lakini swali lile sijawahi kulipatia jibu, na wanawake wakinijia na msiba wa mtoto huwa siwatajii siku.

Eda ya Salma ilipokwisha alikogeshwa, akatiwa udi, akavaa leso mpya alizonunuliwa na mavyaa. Nduguze walimjia kutoka Kisauni. Aliingia sebuleni kuaga, na mbele ya ukuta ule akasimama kidogo, macho yakitafuta, kisha akamwinamia mavyaa na kumbusu mkono. "Mama, nisamehe."

"Nimekuridhia, duniani na akhera. Ukizaa niletee nimuone."

"Inshallah."

Na alimleta. Rukia alipewa mapaja ya mavyaa kabla hajafikisha arubaini mbili. Lakini siku ile ya kuaga hatukuwa tukilijua hilo. Tulisimama mlangoni mpaka wakapinda njia, Salma akigeuka mara kwa mara, kisha mavyaa akaingia ndani na nikamsikia akinitaka nilete nyundo na kigoda.

Alikuwa ameshaitoa fremu chumbani. Hakukuwa na kipande cha gazeti kilichokatwa kwa ajili yake, wala alama ya penseli, na Abdalla alikuwa kazini. Alichagua mahali mwisho wa safu, upande wa mlango, akapigilia msumari mwenyewe, mimi nikishika kigoda. Aligonga vibaya, chokaa ikatumbuka kidogo, hakujali. Akaitundika, akainyoosha kwa vidole viwili, akashuka. Ukanda ulikuwa pale pale chini ya kioo kama Fundi alivyouandika. Nilimuuliza kwa nini leo, na si ile siku ya hukumu.

"Salma alikuwa bado ndani," akasema. "Nisingemtundikia mumewe akiwa analala chumba cha pili. Na mimi, maadamu yeye yumo, tulikuwa wawili wa kumngoja."

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Tuliswali, tukielekea kibla, tukiwa tumeupa ukuta mgongo. Alipotoa salamu aliinuka akaenda mbele ya fremu ya kwanza, nami nikasimama nyuma yake, jambo ambalo sikuwa nimezoea kulifanya. Akaanza. Alimtaja bibi yake, Allah amrehemu. Akamtaja yule babu aliyewagombanisha watu, Allah amrehemu. Akamtaja mumewe, Allah amrehemu. Sauti ilikuwa ile ile ya siku zote. Akafika mwisho wa safu, upande wa mlango.

"Swaleh," akasema. "Swaleh wangu."

Nikangoja. Mdomo ulikuwa wazi na neno halikuja. Mgongo wake ulianza kutetemeka chini ya leso, kidogo, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa na hataki imwagike. Nilielewa kwamba hatalisema, si kwa ukaidi wala kwa upungufu wa imani, ila dua ile nyingine, ile ya mlango uliofungwa, ilikuwa imekaa kinywani mwake miaka yote na haikuwa na mahali pa kwenda. Nikasogea nikasimama ubavuni pake.

"Allah amrehemu," nikasema mimi.

Kisha akasema, "Amin."

Kwa miaka yote niliyoishi naye baada ya hapo, mpaka siku aliyolala asiinuke, hivyo ndivyo tulivyousoma ukuta ule. Yeye aliwaombea wote kwa majina yao, na akifika kwa Swaleh alinyamaza, akaningoja.